Darubini ya macho mawili ya 10×50 na vichujio vyake vya jua: uzoefu wangu Malindi

Kwa mkazi wa pwani anayependa kutazama nyota zenye mkia, madoa ya jua na mwezi unapopatwa, darubini ya macho mawili ya kipimo cha 10×50 naiweka mbele ya zile darubini ndefu za bei nafuu ambazo stendi zake hutikisika mtu akipumua tu. Yangu niliinunua Mombasa kwa shilingi 12,500, kwa sababu Malindi sikupata duka linaloiuza. Hilo linashangaza kidogo, ukizingatia kwamba ni pwani hii hii, kwenye jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani.

Tarakimu ya kwanza ina maana kwamba kitu hukuzwa mara kumi, na ya pili ni upana wa kila kioo cha mbele kwa milimita, nao ndio unaoamua kiasi cha mwanga kinachokusanywa. Kwa nyota yenye mkia, mwanga na upana wa eneo linaloonekana ni muhimu kuliko ukuzaji, kwa sababu mkia hutanda sehemu kubwa ya anga na darubini yenye ukuzaji mkubwa huonyesha kipande chake tu.

Mtihani wa kweli ulikuja mwaka 2024, ilipopita nyota yenye mkia C/2023 A3, iitwayo Tsuchinshan–ATLAS kwa sababu iligunduliwa na kituo cha uangalizi cha China na pia na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Afrika Kusini. Ililikaribia jua zaidi tarehe 27 Septemba, na siku zile ilionekana alfajiri upande wa mashariki, upande ambao Malindi hatuna mlima wala jengo linalotuziba, ila bahari tupu. Nilisimama ufukoni, mbali kidogo na taa za mahoteli, viwiko nimeviegemeza kwenye ubavu wa mashua iliyopandishwa mchangani. Kwa macho matupu kilikuwa kifumba cha mwanga ambacho mtu angeweza kukipuuza. Ndani ya darubini kilionekana kichwa kidogo chenye mng'ao wa manjano hafifu, na juu yake mkia wa vumbi uliosimama wima, kwa kuwa mkia huelekea upande usio wa jua na jua lilikuwa bado chini ya upeo wa macho. Katikati ya Oktoba ilihamia magharibi baada ya Magharibi kuswaliwa, juu kuliani kwa Zuhura. Mawingu ya bara yalituibia jioni nyingi, lakini jioni zilizotakata mkia ulivuka duara lote la darubini na kuendelea nje yake.

Ubora wa vioo ni wa kuridhisha katikati na wa wastani pembeni, ambako nyota huvutika na kuwa vijistari. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana bila taabu, mradi mikono itulie, na mikono haitulii kwa muda mrefu, maana darubini hii ina uzito wa karibu kilo moja. Chini ya kifuniko kidogo cha mbele kuna tundu la skrubu la kuifungia kwenye stendi ya kamera. Kiungo chake huuzwa peke yake na nakishauri kwa kila mnunuzi. Pete za Zohali usizitarajie, hata muuzaji akikuapia. Mzee jirani yangu, nahodha mstaafu, nilimpa akitazame Kilimia, lile kundi la nyota, akanyamaza kitambo kisha akaniuliza, "Mwanangu, na hizi nyingine zote zilikuwa wapi?" Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne kasoro dakika nane, darubini ilizunguka mikononi mwa watoto wa mtaa na hakuna aliyeshindwa kuitumia, wala waliovaa miwani, kwa kuwa mipira ya kwenye macho hukunjwa.

Malalamiko yangu yako kwenye vichujio vya jua vilivyokuja ndani ya sanduku. Karatasi yenyewe ni nzuri: ni ya kiwango cha kupitisha sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga, na mwezi Mei 2024, mvua za masika zilipotoa nafasi, ilinionyesha waziwazi lile kundi kubwa la madoa lililoleta dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa dunia, ya tarehe 10 na 11. Tatizo ni vifuniko vinavyoshika karatasi hiyo. Vimelegea, na upepo wa kusi unaweza kukipeperusha kimoja wakati jicho lako liko kwenye kioo, jambo linaloweza kukupofusha kabla hujawahi kufumba. Mimi huvizungushia utepe wa gundi pande zote, na kila mara kabla ya kutoka huviinua mbele ya taa ya umeme nikatafuta tundu au mkwaruzo. Kichujio ni lazima kikae mbele ya darubini, upande wa jua. Kuvaa miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua kisha ukachungulia kwenye darubini isiyo na kichujio ni hatari kubwa, kwa sababu vioo vitakuwa vimeshakusanya joto na mwanga kabla ya kuifikia miwani. Vivyo hivyo vile vioo vyeusi vidogo vinavyofungwa kwenye jicho la darubini ndefu za bei nafuu: vinaweza kupasuka kwa joto, navyo ni sababu nyingine ya kuziacha darubini hizo dukani.

Saa nzuri ya kutazama jua hapa kwetu ni mbili au tatu asubuhi. Adhuhuri, hasa karibu na Machi na Oktoba, jua huwa utosini na shingo haivumilii.

Chumvi na unyevu wa Malindi ni adui wa kudumu. Mkoba uliokuja nayo haufai kitu. Hulowana na kubaki na unyevu. Mimi huifuta kwa kitambaa laini baada ya kuipulizia vumbi kwanza, kisha huiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, ninavyovikausha juani, na hadi sasa kuvu hawajaota kwenye vioo.

Nilipomwomba muuzaji vifuniko vya akiba, alinijibu kwamba haviuzwi peke yake. Kwa hiyo nimeagiza karatasi ya kichujio nitengeneze vyangu vya kubana vizuri, kwa ajili ya kupatwa kwa jua tarehe 2 Agosti 2027, ambapo Luxor nchini Misri watakaa gizani zaidi ya dakika sita na sisi Malindi tutaona jua limemegwa upande mmoja tu, hivyo kichujio hakitatoka mbele ya kioo hata kwa sekunde moja.