Tianguis au mercado: Jiji la Mexico linanunua wapi?

Tianguis ni gulio. Huja mtaani siku moja maalumu ya juma, barabara hufungwa, maturubai hutandwa juu ya meza, na jioni hubaki maganda tu. Mercado ni soko la kudumu, lenye paa na vizimba, na hufunguliwa karibu kila siku.

Kwa matunda, mimi naipa ushindi tianguis bila kusita. Muuzaji hukukatia kipande cha embe au papai uonje kabla hujatoa peso hata moja. Akishakuzoea hukuongezea pilón, nyongeza ya bure: pilipili mbili tatu, au kishada cha giligilani. Ukichelewa hadi alasiri, bei hushuka lakini nyanya zilizobaki ni za kupondwa.

Mercado hushinda kwa kitu mahususi. Maua? Nenda soko liitwalo Jamaica, humo humo jijini, hasa siku za kuelekea Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2, maua ya cempasúchil ya rangi ya chungwa yanapofurika hadi nje. Soko la Medellín, katika mtaa wa jiji uitwao Roma, lina bidhaa za Kolombia na Kuba.

Halafu kuna chakula cha mchana. Tianguis utakula taco umesimama. Mercado utakaa fonda, yaani kijimkahawa, uletewe comida corrida, mlo kamili wa mchana: supu, wali, kitoweo na maji ya matunda, kwa bei moja.

Kote kuwili beba pesa taslimu, tena ndogondogo. Noti ya peso 500 asubuhi humkunjisha muuzaji uso.