Nunua viwili viwili: riwaya na historia yake, nimezipanga jozi tano kuanzia ile rahisi kuimaliza

Watu wengi wakiamua sasa naanza kusoma wananunua kitabu kimoja kinene cha historia, wanafika peji ya 40, basi, kinabaki mezani kinakula vumbi. Mara nyingi sio uvivu. Ni kwamba majina na miaka vinamwagika tu kichwani na havina pa kushika. Mimi nimehangaika hivyo muda mrefu mpaka nikapata njia ambayo haijaniangusha bado: nanunua vitabu viwili kwa pamoja, riwaya moja na historia moja, vyote vinahusu jambo lile lile, naanza na riwaya afu ndo nafungua historia. Ukishakaa na mtu mmoja kwenye riwaya, ukajua anaogopa nini na anampenda nani, ule mwaka ukija kuukuta kwenye historia tayari una sura ya mtu.

Nimepanga kwa kuangalia mtu mwenye kazi zake anayesoma usiku nusu saa, sijaangalia kitabu gani ni maarufu zaidi.

Namba moja naipa vita ya Biafra, lile eneo la mashariki mwa Nigeria lililotaka kujitenga. Riwaya ni Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Ngozi Adichie (2006), historia ni There Was a Country ya Chinua Achebe (2012). Hii iko juu kwa sababu ya Ugwu, kijana wa kijijini anayekwenda kufanya kazi za ndani kwa mhadhiri wa chuo, siku ya kwanza anafungua friji anakuta kuku wa kuchoma anang'aa, mikate, machungwa, hata haamini kama nyumba moja inaweza kuwa na vitu vyote hivyo. Unaanza hapo, taratibu, unacheka naye, unazoea nyumba na wageni wake wanaobishana siasa kila jioni, halafu vita inakuja kuwakuta wote mkiwa mmeshazoeana. Kuna sehemu kwenye treni mama mmoja kapakata kibuyu, ndani kuna kichwa cha binti yake, na anaongelea jinsi ilivyokuwa kazi kumsuka zile nywele. Nilifunga kitabu siku ile sikuendelea mpaka kesho yake. Adichie kazaliwa 1977, miaka saba baada ya vita kuisha, Achebe yeye alikuwemo na alitumwa nje kuisemea Biafra, kwa hiyo kitabu chake kisome kama ushahidi wa mtu wa upande mmoja, na mashairi yake mle ndani usiyaruke. Sio historia kamili ya vita, ila baada ya riwaya kinakukaa vizuri sana.

Namba mbili ni vita kuu ya kwanza, upande wa Ulaya. All Quiet on the Western Front ya Erich Maria Remarque (1929) ni nyembamba, wikiendi moja unamaliza. Fuatilia zile buti. Mwanajeshi mmoja kakatwa mguu, anakufa hospitalini, na mwenzake anaziangalia buti zake nzuri za ngozi, anazitaka, na sio kwamba ana roho mbaya, ni kwamba mtaroni buti nzuri ndo uhai. Zinatoka mguu huu zinaingia mguu ule, na kila anayezivaa unajua kinachofuata. Ukimaliza chukua The Guns of August ya Barbara Tuchman (1962), inaanza na mazishi ya mfalme wa Uingereza mwaka 1910, wafalme tisa wamepanda farasi nyuma ya jeneza, na miaka minne baadaye ndo hivyo tena wamepigana. Anaandika kama msimulizi, yaani unajua vita itatokea na bado unaomba isitokee. Kasoro yake ni kwamba kaangalia zaidi wiki za mwanzo, halafu upande wa Serbia na Austria kauacha, kwa hiyo usidhani umemaliza vita nzima.

Namba tatu, Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na hapa kanuni yangu naigeuza: anza na historia. King Leopold's Ghost ya Adam Hochschild (1998) inasomeka kuliko riwaya nyingi. Kuna karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, anasimama bandarini Antwerp anaona meli zinashusha mpira, ule wa utomvu wa miti, na pembe za ndovu, zikirudi Kongo zinabeba bunduki na risasi, bidhaa za kuwalipa watu kwa kazi yao hamna. Akapiga hesabu pale pale kwamba huu ni utumwa, na maisha yake yakabadilika. Leopold mwenyewe hajawahi kukanyaga Kongo. Aliishika kama mali yake binafsi tangu 1885 mpaka 1908! Riwaya ya kuambatanisha ni Heart of Darkness ya Joseph Conrad, aliyepanda mto Kongo mwaka 1890 akiwa baharia. Ni fupi ila nzito, na nakwambia wazi Waafrika mle ndani hawana majina na karibu hawasemi kitu. Achebe aliisema hadharani mwaka 1975 kwamba ni ya kibaguzi. Ndo maana nataka uwe umeshasoma historia kwanza, ili ukifika kwa Conrad ujue ni watu gani wamefichwa gizani.

Namba nne ni vita ile ile ya kwanza, ila Afrika Mashariki: Afterlives ya Abdulrazak Gurnah (2020) pamoja na Tip and Run ya Edward Paice (2007). Kwa moyo wangu hii ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu Paice ni mnene, vikosi na makamanda ni wengi, ukikosa ramani unapotea. Lakini ni humo utakapowaona wapagazi, waliobeba mizigo ya majeshi wakafa kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na utajua kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alisalimisha silaha 25 Novemba 1918 wakati Ulaya walishanyamaza tangu tarehe 11. Gurnah hakupigii kelele, anakaa na watu wadogo, askari aliyerudi na jeraha, binti anayejifunza kusoma. Kama Kiingereza kinakuchosha usiku anza na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise yake iliyotoka 2022, ile inaishia pale vita inapobisha hodi.

Namba tano, utumwa Marekani. Hapa pia historia kwanza: simulizi ya Frederick Douglass ya 1845, mtu aliyezaliwa mtumwa akatoroka, ni fupi, na yeye ndo yule mtoto anayewapa mkate watoto wa kizungu wenye njaa ili wamfundishe kusoma. Halafu Beloved ya Toni Morrison (1987). Chapta za mwanzo zitakuchanganya, ni kawaida, vumilia. Nzuri kuliko zote humu ila sio ya kuanzia. Na Douglass hakimiliki yake iliisha zamani, unaipata bure onlaini kihalali, kwa hiyo jozi hii unalipia kimoja tu.

Vile vitabu vya kusimulia binadamu wote tangu mapangoni mpaka leo nimeviacha makusudi. Vinakimbia mno, karne moja ndani ya aya mbili, ukimaliza unajiona unajua kila kitu halafu ukiulizwa mtu mmoja tu humkumbuki.

Kabla hujalipa, cha historia angalia kama kina ramani na faharasa nyuma. Usikinunue kwa ajili ya simu kama ramani ni muhimu, zinakuwa kiduchu hazisomeki, riwaya haina shida hiyo. Iliyotafsiriwa, kama ya Remarque, tafuta jina la mtafsiri, kisha soma peji moja ya katikati, sio ya kwanza, kwa sababu ya kwanza kila mtu huipamba. Na pekua kitabu chote, haswa cha bei ya kutupa. Mimi niliuziwa riwaya ikaruka kutoka peji ya 128 kwenda 145, nilidhani nimechoka macho, kumbe vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo, mkunjo mmoja ukisahaulika zinaondoka zote 16 kwa mpigo. Muuzaji akagoma kubadilisha. Siku hizi nasimama hapo hapo nazifuata namba za peji kwa kidole gumba mpaka mwisho, wanaonisubiri nyuma wanisamehe.