Pampu ya kupima presha ya rejeta: inachokuonyesha na isichokuonyesha

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani tuna pampu ya mkono ya kupima presha ya rejeta. Ndani ya boksi kuna pampu, geji inayosoma hadi bar 2.5 (bar ni kipimo cha presha), mpira wake mfupi, na mifuniko ya kuunganishia ya saizi mbalimbali. Usivutiwe na wingi wa vipande. Cha msingi ni kimoja tu, kile kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta ya gari lako. Kama hakimo, boksi zima halikusaidii.

Maji yakipungua, wengi hukimbilia kusema rejeta imetoboka. Inawezekana. Lakini yanaweza pia kuvuja kwenye mipira, kwenye wota pampu inayozungusha maji, kwenye mfuniko uliochoka, au yakaingia ndani ya injini kwa sababu gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imekatika. Kazi ya kifaa hiki ni kukuonyesha mhalifu kabla hujatoa pesa.

Tuanze. Injini iwe baridi kabisa, hili halina mjadala. Maji ya rejeta ya moto yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa na presha. Ukifungua mfuniko yanalipuka na kukurukia. Jaza maji mpaka mdomoni, kisha funga kiunganishi cha pampu. Sasa soma mfuniko wa gari. Huu umeandikwa 1.1, yaani bar 1.1, mingine utakuta 0.9. Piga pampu mpaka namba hiyo, basi. Ukizidisha, tangi la plastiki lililozeeka linaweza kupasuka na ukaongeza kazi.

Mshale wa geji umefika. Mpe dakika 10 hadi 15 uone kama utashuka, huku unamulika kwa tochi. Sogeza kamera hapa, kwenye mshono, pale meno ya aluminiamu yanapolibana tangi la plastiki. Rejeta nyingi za siku hizi zinafia hapa. Mnauona huu ukoko wenye ukijani? Ni kulanti, yaani maji ya rangi ya kupozea injini, iliyovuja, ikakaushwa na joto, ikaacha rangi yake. Asubuhi, gari likiwa baridi, unaweza usione hata tone, maana ufa unafunguka presha ikipanda. Na sasa, angalieni chini ya ukoko, tone linajikusanya. Huu mshono umekwisha.

Kama ni raba ya mshono tu imekauka, fundi wa rejeta anafungua meno, anabadilisha raba na kubana upya. Kama plastiki yenyewe imepasuka, badilisha tangi au rejeta nzima. Gundi ya kupaka juu haidumu hapo. Joto na presha vinaing'oa. Na zile dawa za kuziba unazomimina ndani? Mimi sizipendekezi, labda kukufikisha kwa fundi tu, kwa sababu hazichagui tundu: zinaweza kuziba hata njia nyembamba za hita, ile inayopasha joto ndani ya gari.

Sasa, mshale ukishuka na nje ni pakavu kote, usiiguse rejeta. Papasa kapeti upande wa abiria wa mbele. Ikiwa na unyevu unaonata, hita ndiyo inayovuja. Kapeti kavu? Kagua gasketi ya silinda hedi.

Pima pia mfuniko wa rejeta kwa kiunganishi chake. Mfuniko ukiachia presha chini ya namba iliyoandikwa, ubadilishe kwanza, ndio rahisi kuliko vyote.

Hapa ndipo sifa za pampu zinapoishia. Rejeta iliyoziba ndani kwa kutu na chumvi za maji inashika presha vizuri kabisa, na gari bado linachemsha. Hiyo utaijua kwa tabia. Likichemsha kwenye mlima au mwendo kasi lakini kwenye foleni liko sawa, shuku rejeta. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, anza na feni. Ukiwa na kipimajoto cha kumulika, pitisha usoni mwa rejeta injini ikiwa imepata moto na thamostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, imefunguka: joto lishuke polepole kutoka maji yanapoingia kuelekea yanapotokea. Ukikuta kipande kimoja kimepoa ghafla katikati ya sehemu ya moto, maji hayapiti hapo. Mapezi, yale mabati membamba ya usoni mwa rejeta, yakiwa yamejaa tope na wadudu, osha kwanza ndipo upime, kwa maji ya nguvu ndogo ili usiyalaze.

Dalili moja haihitaji kifaa: gari la giaboksi ya otomatiki ambalo oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta, ukikuta majimaji ya rangi ya waridi yaliyovurugika kama maziwa, usiliendeshe. Oili na maji vimekutana. Rejeta ibadilishwe, na giaboksi ikaguliwe.

Kasoro ya pampu yenyewe ni kiungio cha mpira na kiunganishi. Raba zake ndogo zikilegea, mshale unashuka na unaisingizia rejeta. Zipake maji ya sabuni. Povu likitokea, badilisha raba. Na ukimaliza, bonyeza valvu utoe presha kabla ya kufungua chochote.

Kwa fundi, nunua. Kwa mwenye gari moja, azima.