Opresheni poa, ila huduma ya baada naipa nyota 3

Nilipunguza mfuko wa chakula hospitali moja binafsi hapa Dar, leo mwezi wa 5, kilo 27 zimeondoka. Daktari mkono mwepesi sana, vitundu vidogo vi5 basi, siku ya pili natembea koridoni. Shida ni yale wasiyokwambia. Usiku ule wa kwanza bega likaniuma kuliko tumbo lenyewe, nikajua moyo huo nimekwisha, kumbe ni ile gesi wanayokujaza tumboni ili waone ndani, nesi anacheka tu eti "itatoka dada, we tembea". Si mngesema mapema jamani!

Halafu maji. Mimi niliyekuwa nagida chupa nzima nikawa nakunywa kijiko kijiko, nikizidisha kidogo kifuani naona kama nimemeza jiwe. Mwezi wa 4 ndo nywele sasa, nachana zinajaa kwenye chanuo huku nalia, napiga simu hospitali haipokelewi siku 3, mpaka nimeenda mwenyewe ndo naambiwa ni kawaida mwili ukipungua haraka, nikazane na protini zitaota tena. Na baridi! Dar hii hii nalala na sweta feni imezimwa, mume analalamika joto.

Dada wa lishe ndo kaniokoa, mayai, supu ya samaki ya kusaga, na vidonge vya vitamini kila siku. Nyota 2 nimekata kwa ajili ya ile simu. Ila chipsi mayai siku hizi harufu tu inanichefua, hiyo sijui nimlaumu nani.