Nilikodi mashine ya kushindilia kwa ajili ya vidato vya bustani, Raskazone: uzoefu wangu

Nyuma ya nyumba yetu hapa Raskazone, Tanga, kiwanja kinateremka kuelekea bahari, na bustani ya Mama iko chini kabisa. Njia ilikuwa ya udongo mtupu. Masika ya mwaka jana Mama aliteleza na ndoo mkononi, akaumia nyonga. Nikasema mvua nyingine haitukuti bila vidato.

Mashine niliyokodi ni ile ya bamba la chuma na injini ya petroli. Naieleza kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa naitafuta sikupata mtu wa kuniambia inafaa wapi na haifai wapi.

Kwetu gari halifiki. Kirikuu kiliishia barabarani, na uchochoro kati ya ukuta wetu na wa jirani hauzidi mita moja. Mashine ina kilo 80 na ushee, wakaibeba vijana wanne. Pale juu, kwenye kiuwanja cha kuanzia ngazi, ilifanya kazi nzuri sana: dakika chache tu, ukidunda mtaimbo unarudi mkononi. Hapo sina lawama hata kidogo.

Tatizo lilianza tulipoishusha mteremkoni. Sehemu ya kukanyaga ya vidato vyangu ina upana wa sentimita 30, na bamba lenyewe ni karibu nusu mita. Halikai. Fundi alipoiwasha ikabomoa ukingo tuliokwisha kuuchonga, ikataka kuteremka yenyewe. Akaizima haraka. "Dada, hii ni ya sakafu na barabara. Hapa itatuvunja miguu." Mwenye mashine hakuniuliza naipeleka wapi, na kodi ya siku nzima alichukua. Ukienda kukodi, mtajie upana wa kidato chako kabla hujatoa hela.

Kilichotuokoa ni kopo la rangi la lita 4. Fundi alilijaza zege, akachomeka mpini wa mti mgumu katikati, akaliacha siku tatu likauke. Linakuwa na kilo 10 hivi, linaingia kila kona, na mtu mmoja analiinua bila kuchoka upesi.

Tulianza chini kwenda juu. Kidato cha kwanza tulikichimbia zaidi, sentimita 30 chini ya usawa wa bustani, kwa kuwa ndicho kinachozuia vyote visisukumwe mbele. Kimo chote ni mita 2.72, tukapata vidato 16 vya sentimita 17 kila kimoja, hatua ambayo Mama anaipanda bila kushika goti. Kila kidato kilichongwa ndani ya udongo wa asili. Vijana walitaka udongo uliochimbwa urundikwe mbele ili kupunguza kazi, fundi akakataa katakata: udongo wa kurundika ndio unaoondoka kwanza mvua ikija.

Mahali pawili tulikuta jiwe la matumbawe. Nilifurahi, nikidhani hapo msingi tumeupata bure. Kumbe ndipo pa hatari. Nusu ya kidato ikikaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo, udongo unashuka, jiwe halishuki, na zege linapasuka katikati. Tulilivunja jiwe kwa sululu sentimita 10 kwenda chini, ili kidato kizima kilale juu ya tandiko moja la moramu, yaani udongo wenye changarawe.

Moramu yenyewe ilishuka kwa karai, mkono kwa mkono, zaidi ya karai 50. Unamwaga tabaka jembamba, kama sentimita 5, unalowesha kidogo, unashindilia, ndipo unaongeza la pili. Maji yanapimwa kwa ngumi: finya moramu, ikishikana na ukiiangusha ikavunjika vipande vichache, iko sawa. Ikichuruzika, ngoja. Ikimwagika kama unga, ongeza maji. Sikio nalo linasaidia. Mwanzoni kopo linatoa mlio mzito uliofifia, na likianza kulia kama limegonga sakafu, tabaka limekaza.

Juu yake tukamwaga zege kwa saruji ya Simba, ya hapa hapa Pongwe, na mchanga wa mtoni. Kila kidato kimeinama mbele nusu sentimita ili maji yasituame, na pembeni upo mfereji wa kuyapeleka chini. Tulimwagilia zege siku saba, asubuhi na jioni.

Siku nne za kushindilia kwa mkono, na mabega yaliuma, lakini kwa mteremko kama wetu nitachagua kopo tena. Mashine ningeikodi kwa viwanja vya juu na chini tu, kwa saa chache, kama mwenyewe atakubali.

Masika haya yamepita. Vidato 15 nimevipima kwa pimamaji, havijasogea. Cha saba kimezama sentimita moja upande wa kushoto. Jioni ile giza lilikuwa linaingia, nikaruhusu moramu yote imwagwe kwa mkupuo na kushindiliwa mara moja. Nitakivunja na kukirudia kabla ya vuli.