Kompyuta ya Sebuleni: Kuilaza Bila Kupoteza Kazi, Kuinyamazisha Watu Walale

Mbukwenyi! Karibuni tena sebuleni kwangu, hapa Nkuhungu, Dodoma. Leo sifungui boksi. Ninachochambua wengi wenu mnacho tayari ndani ya Windows 11, ila hamjawahi kukigusa: setingi za kuilaza kompyuta na setingi za arifa, yaani zile notifikesheni zinazochomoza kona ya chini kulia. Nimezitumia miezi minne kwenye mashine hii mnayoiona. Ni desktopu ya mtumba, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 128, na tunaitumia watu watano. Haina betri. Hilo la betri mlishike, maana ndilo lililonifanya nirekodi video hii.

Mdogo wangu yuko chuo. Usiku mmoja alikuwa anamalizia ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Saa tano usingizi ukamzidi, akailaza kompyuta, naye akaenda kulala akijua asubuhi ataikuta kazi yake pale pale alipoiacha. Alfajiri umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikawaka upya kabisa, na kurasa saba alizoandika bila kusevu hazikuwepo. Programu aliyokuwa akiandikia haina nakala ya akiba inayojihifadhi yenyewe. Mtoto wa watu alikaa pale kwenye kiti ananiangalia tu, na mimi sikuwa na jibu. Nikasema lazima nilielewe hili jambo mpaka mwisho.

Nililoelewa ni hili. Kompyuta ikilala kwa kawaida, kazi zako zote zinabaki kwenye RAM, na RAM haishiki kitu bila umeme. Mashine inaonekana imezima, feni kimya, lakini inaendelea kunywa umeme kidogo ili RAM isisahau. Ukikatika hata sekunde chache, imesahau yote.

Ipo hali ya pili, haibaneti (hibernate). Hapo kompyuta inanakili kila kilichomo kwenye RAM na kukiandika kwenye diski, kisha inazima kabisa. Unaweza kuichomoa, ukaipakia kwenye basi mpaka Kondoa, ukaiwasha huko na ukakuta ukurasa ule ule umefunguka. Kuamka kwake kunachelewa kidogo. Hii yangu inachukua kama sekunde ishirini na kitu, wakati ikilala kawaida inaamka kabla sijakaa sawa kwenye kiti.

Na ipo ya tatu, ambayo kwa desktopu za huku kwetu mimi naipenda kuliko zote: kulala mseto (hybrid sleep). Inanakili kazi kwenye diski, halafu inalala kawaida. Umeme usipokatika, inaamka haraka. Ukikatika, inasoma ile nakala ya kwenye diski na kukurudishia kazi. Na kwa kawaida desktopu za Windows huja na hali hii ikiwa imewashwa.

Sasa kwa nini yetu haikumwokoa mdogo wangu? Hapa ndipo nilipotumia wiki nzima. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg, acha nafasi, mkwaju (alama ya /), herufi a. Iko hapo kwenye skrini, ikopi. Amri hiyo inakutajia mashine yako inajua kulala kwa namna zipi, na zipi haiwezi na kwa sababu gani. Yangu ilijibu kwamba haibaneti imezimwa, na kulala mseto hakupatikani kwa sababu haibaneti imezimwa.

Ilizimwa na fundi aliyeitengeneza kabla ya kuuzwa. Sababu yake naielewa. Haibaneti inatenga faili linaloitwa hiberfil.sys, na ukubwa wake wa kawaida ni kama asilimia 40 ya RAM. Kwa RAM ya GB 8 ni GB 3 na ushee. Diski ikiwa ya GB 128, mtu anaona anakusaidia kupata nafasi. Lakini ukizima haibaneti umezima na kulala mseto, umezima na ile hali ya kuwaka haraka. Kwa hiyo kama umenunua mashine ya mtumba, iwe Majengo, Kariakoo au popote, naomba amri hiyo uiandike leo kabla hujalala. Mimi GB 3 nazitoa bila kufikiri mara mbili, kuliko kurudia kurasa saba.

Kuirudisha ni hivi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg mkwaju hibernate on, bonyeza Enta. Halijibu kitu, na kutojibu ndiyo maana yake imekubali. Kisha ingia Kontro Paneli, ile ya zamani, chaguo za umeme, setingi za ndani za mpango wako, sehemu ya kulala, ruhusu kulala mseto. Fuata mshale niliouweka. Hapa ndipo napunguza alama, kwa sababu setingi muhimu kuliko zote imefichwa hatua nyingi ndani, wakati dakika za kuzima kioo zimewekwa mlangoni kabisa. Mtu wa kawaida atafika mlangoni na kugeuza.

Sasa angalieni. Nimeandika mistari miwili hapa, sijasevu. Nailaza. Nasubiri taa ya mbele ianze kupepesa na diski itulie. Nachomoa waya ukutani. Nahesabu mpaka sitini. Narudisha waya, nabonyeza batani. Inasoma, inasoma... haya, mistari yangu miwili hiyo. Nimerudia jaribio hili mara nyingi kwa miezi hii minne, na haijaniangusha. Ila nielewane nanyi vizuri: hali hii inakinga kazi pale mashine ilipokwisha kulala tu. Umeme ukikatika wakati unaandika, hakuna nakala iliyochukuliwa. Hapo wa kukuokoa ni UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, na tabia ya kusevu.

Kuhusu dakika, mimi nimeweka kioo kizime baada ya dakika 5 na mashine ilale baada ya 20. Mkaaji wa Dodoma ana sababu mbili za kutoiacha ikiwaka usiku kucha. Vumbi ni moja. Kiangazi hiki upepo unaingiza vumbi hata ukifunga madirisha, na feni ikizunguka usiku mzima inalivuta lote ndani ya kasha la kompyuta. Mashine iliyolala feni yake imesimama. Ya pili ni LUKU. Chukua kompyuta na kioo chake vinakula wati 60 bila mtu kuvitumia, kwa saa kumi za usiku: uniti 0.6. Kwa mwezi, uniti 18. Kama nyumba yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, uniti 18 ni karibu robo ya mgao wako, na hakuna aliyekuwa macho kuzifaidi.

Baada ya hapo likaja lingine. Unailaza vizuri, saa nane za usiku inaamka yenyewe, kioo kinawaka sebule nzima. Kwetu mgeni hulala hapa sebuleni, kwenye godoro, kando ya meza hii. Asubuhi niliandika powercfg mkwaju lastwake, inayokutajia nani kaiamsha mara ya mwisho. Ilikuwa mausi! Mgeni akijigeuza, anagusa mguu wa meza, mausi inatikisika, mashine inaamka. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), nikaifungua mausi, nikaondoa tiki ya ruhusa ya kuamsha kompyuta. Kibodi nikaiachia ruhusa yake. Ikiwa kwako jibu ni kadi ya mtandao, dawa ni hiyo hiyo. Na kama ni saa ya kuamshia iliyopangwa ndani ya mfumo, powercfg mkwaju waketimers itakutajia, ukifungua dirisha la amri kama msimamizi. Usiliache jambo hili, maana ikishaamka inaweza kuanza kushusha masasisho, na kwa sisi tunaotumia bando kutoka kwenye simu, unaamka asubuhi bando limekwisha. Ingia kwenye setingi za Wi-Fi yako, uiambie Windows kwamba mtandao huo unapimwa (metered), yaani bando lake lina kikomo. Itapunguza kushusha vitu vizito.

Arifa sasa. Windows 11 ina kengele ndogo pale chini kulia, pembeni ya saa. Ukiwasha hali ya usisumbuliwe (Do not disturb), arifa hazichomozi wala hazilii. Hazipotei, zinakwenda kukusubiri kwenye kituo cha arifa. Shika kitufe cha Windows na N utazikuta zote. Mimi nimeipangia muda, saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Tahadhari, kompyuta inahesabu saa zake: saa nne usiku unaandika 10:00 PM, na saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00 AM. Kuna mtu aliniandikia kwamba setingi haifanyi kazi, kumbe aliweka 4 na 12.

Pia ina kanuni za kujinyamazisha yenyewe, kwa mfano ukiwa unatazama kitu kilichojaza kioo kizima. Nilikuta imeshawekwa tiki. Kwa familia inayoangalia taarifa ya habari pamoja ni jambo zuri, ila kama unasubiri ujumbe wa kazi utaukosa bila kujua sababu. Programu unayoitegemea iongeze kwenye orodha ya kipaumbele. Mimi nimeiweka WhatsApp peke yake. Na kwenye kompyuta ya sebuleni, tafadhali zima arifa kwenye kioo kilichofungwa. Ujumbe wako usisomwe na kila anayepita kwenda jikoni.

Ila kilichonigusa kuliko vyote kwenye upande huu ni baba. Alikuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa nasi wiki tatu. Mchana anasoma magazeti kwenye kompyuta. Siku moja akaniita kwa sauti ya mtu aliyefanya kosa: "Mwanangu, njoo uone. Hiki chombo kinasema kina virusi vitano, nilipe kabla hakijafa." Alikuwa ameshaleta na simu yake mkononi. Nashukuru aliniita kwanza.

Hakukuwa na kirusi. Tovuti mojawapo ilimwuliza kama anaruhusu arifa, naye kama mtu mstaarabu akabonyeza kuruhusu. Tangu hapo ikawa inamtumia matangazo yaliyovishwa sura ya onyo la mfumo. Utayatambua kwa kusoma maandishi madogo ya arifa: yametajwa jina la kivinjari, Chrome au Edge, na anwani ya tovuti usiyoijua. Onyo la kweli la ulinzi wa Windows halikuombi kadi wala namba ya simu ya kulipia.

Kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu, setingi, faragha na usalama, setingi za tovuti, arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kwa baba zilikuwa kumi na moja. Ziondoe moja moja, kisha juu pale chagua tovuti zisiruhusiwe hata kuuliza. Kama nyumbani kwako kuna mzazi au mtoto anayegusa kompyuta, anza na hili kabla ya mengine yote niliyosema leo. Baba hakuwa mzembe. Alijibu swali aliloulizwa kwa adabu.

Wenye laptopu, neno moja kwenu. Nyingi za sasa zinalala kwa namna mpya ambayo mashine inabaki nusu macho ili ipokee mtandao, na ikiwa kwenye begi inaweza kupata moto na kumaliza betri. Ile amri ya kwanza itakuonyesha kama yako ni ya namna hiyo. Ikiwa ndiyo, kufunga mfuniko kupangie haibaneti badala ya kulala, hasa unapoondoka nyumbani kwenda kupanda treni au basi.

Ijaribuni hiyo amri sasa hivi, mniandikie hapa chini imejibu nini, na mashine yenu ni ya aina gani, mpya au mtumba. Nikimaliza kupika nakaa nazisoma, na nitawajibu mmoja mmoja.