Ziara ya Karen na Kiambu: dereva safi, hadithi nusu

Shilingi 6,500 kwa kichwa, siku nzima. Mimi na mpwa wangu tulitoka Mombasa kwa treni ya usiku hadi Nairobi, kesho yake saa mbili kasoro gari liko mlangoni, limeoshwa, na dereva anayeijua barabara ya Ngong mpaka mashimo yake. Huyo sina neno naye.

Pale njia panda ya Karen tukateremshwa. Maeneo hayo ndipo Josslyn Hay, Earl wa Erroll (Earl ni cheo cha kurithi cha malodi wa Uingereza), alipokutwa alfajiri ya 24 Januari 1941 ndani ya gari lake, Buick, risasi kichwani. Muongozaji anasimulia, mashallah: Sir Jock Delves Broughton aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, mkewe Diana aliyependana na marehemu, kesi, mzee kuachiliwa. Kisha akafunga: lodi wa Scotland, mpenda raha, basi. Nikamuuliza, “Na damu ya mfalme je, mwanangu?” Akacheka. “Mama, wewe unanitania.”

Hapo pesa yangu ikaanza kuniuma, maana hicho ndicho nilichokifuata.

William IV, mfalme wa Uingereza, kabla hajaushika ufalme, aliishi miaka 20 bila ndoa na mwigizaji, Dorothea Jordan. Watoto kumi! Wakaitwa FitzClarence, kwa sababu baba yao alikuwa Duke wa Clarence. Mama wa watu anazaa, anarudi jukwaani, anazaa tena. Mwaka 1811 akaachwa, akawekewa posho yenye sharti: akiigiza tena, mabinti wanatoka mikononi mwake. Madeni yakamsukuma jukwaani, mabinti wakaenda. Akafia Ufaransa mwaka 1816, hana kitu. Bwana akawa mfalme mwaka 1830, na watoto aliowapata kwa mke wa ndoa hawakukua hata mmoja. Wa Dorothea walikuwapo, watu wazima, lakini taji si lao. Likaenda kwa Victoria, binti wa ndugu yake. Kifungua mimba, George, alipewa u-Earl wa Munster, na mwaka 1842 akajiua kwa bastola.

Binti yao Elizabeth aliolewa na Earl wa Erroll wa wakati huo, mwaka 1820. Hesabu kwa vidole kutoka kwa mfalme: Elizabeth ni mwana, halafu mjukuu, kitukuu, kilembwe, na huyu wa kwenye Buick ni kining'ina. Majina yote tunayo, muongozaji hakuhitaji hata kamusi. Kwa Elizabeth huyo huyo ndiko anakotokea David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mpaka 2016; Wajerumani wawili tuliokuwa nao garini walipolisikia hilo kwangu waliacha kupiga picha.

Kaburi liko Kiambu, kanisa la St Paul's. Mvua ilikuwa imenyesha, tope jekundu likaning'ang'ania viatu, nami nikasimama pale nikimfikiria Dorothea kuliko huyo aliyelala chini. Dakika kumi, tukaitwa garini. Ila duka la vinyago, ambalo halikuwamo kwenye ratiba, tulikaa dakika arobaini! Nani asiyejua kamisheni? Chakula cha mchana kilikuwa sandwichi ya baridi na soda ya moto, badala ya kinyume chake.

Mkienda, bebeni viatu vya tope na chapati zenu. Nyota tatu. Mpwa wangu anasema nne, lakini yeye alilala tangu Karen.